Kabla Hajabisha Hodi

Chuo nilichokitumikia kiko nyanda za juu kusini, mahali ambapo mwezi Juni ukungu hulala juu ya mabati ya mabweni hadi saa nne asubuhi. Nilipopelekwa pale kuwa matroni, mwishoni mwa miaka ya 1980, kilikuwa chuo cha ualimu chenye mamia machache ya wanachuo. Sasa kinatoa shahada, kina maelfu, na mabweni yale ya zamani yamegeuzwa ofisi. Nimestaafu lakini naishi jirani. Kila Oktoba nikiwaona wapya wakishuka kwenye bajaji na mabegi na ndoo zao, huwatazama mmoja mmoja na kujiuliza yupi kati yao amekuja na shida ambayo hakuna aliyemuuliza.

Enzi zetu hapakuwa na mnasihi. Mwanachuo mwenye shida alianza kwa kiranja wa bweni, akaja kwangu au kwa wadeni, akapelekwa kwa mkufunzi wa zamu, na jambo likiwa zito akasimama mbele ya mkuu wa chuo mikono nyuma. Kila alipofika alisimulia upya, na kila aliyemsikiliza alikuwa na haraka ya kuamua: apewe ruhusa, aadhibiwe, au aitiwe mzazi. Njia ya nne haikuwepo. Muda wa chai ulipofika, kisa chake kilikuwa kimeshaingia chumba cha wakufunzi, na jioni alikutana nacho kwenye foleni ya chakula. Tuliwaambia kwamba mficha maradhi kilio humfichua, lakini aliyeyafichua maradhi yake kwetu alijuta.

Na bado tuliwajua. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nyumba zetu zilikuwa ndani ya uzio mmoja na mabweni yao. Barua zao zilipitia mezani kwangu, kwa hiyo nilijua nani haandikiwi. Nilijua nani hafungui sanduku lake mbele ya wenzake kwa kuwa halina kitu, nani huamka usiku wa manane kufua shuka, nani hasikii kengele mpaka aguswe bega, nani hupapasa ukuta jua likishazama. Asiyekula alionekana, maana sahani zilihesabiwa. Macho tulikuwa nayo, na muda tulikuwa nao wa kutosha. Hatukuwa na elimu ya kutuambia tunachokiona ni kitu gani.

Kuna kijana mmoja wa Kanda ya Ziwa ninayemkumbuka kuliko wote. Wizara ilimpangia chuo chetu kama ilivyowapangia wengine, kwa alama zake na nafasi zilizokuwepo. Siku zetu zilianza na mchakamchaka alfajiri, kisha kuoga maji ya bomba yaliyolala nje usiku kucha. Baridi ilipokaza, kijana huyu aliumwa miguu na mgongo kiasi cha kung'ata blanketi ili wenzake wasimsikie akilia. Baada ya siku tatu nne maumivu yalitulia, akatoka bwenini akitembea, na hapo ndipo kesi yake ilipoanza: mbona juzi ulikuwa hoi na leo u mzima? Zahanati ilimpa dawa za malaria. Mitihani ya muhula ilikuwa Juni, maumivu yake makubwa yalikuja Juni, na chumba cha wakufunzi kikahitimisha kwamba anakwepa mtihani. Nilimpelekea maji ya moto kwenye jagi, nikamwombea aachwe mchakamchaka, nikakubaliwa wiki moja tu. Mwaka wa pili hakurudi.

Miaka mingi baadaye, kwenye semina ya afya, daktari alitueleza seli mundu. Alieleza jinsi baridi, kiu na uchovu vinavyoweza kufanya chembe nyekundu za damu zijikunje, zikwame kwenye mishipa midogo na kuleta maumivu makali yanayokuja na kuondoka. Mtu aliyekwisha kuondoka hapimiki, lakini kila neno la yule daktari lilimwelezea yeye. Ratiba yetu nzima, kuanzia mchakamchaka hadi bomba la maji, ilikuwa imepangwa kana kwamba tunamtafuta yeye.

Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na seli mundu Tanzania kila mwaka. Zamani wengi walifariki wakiwa wadogo sana. Leo, kwa kliniki na dawa ya haidroksiyurea, wanaokua na kusoma wameongezeka, na baadhi yao wako vyuoni. Mahitaji yao hayatishi: chumba cha ghorofa ya chini, maji ya moto, blanketi la ziada, chupa ya maji ndani ya chumba cha mtihani, na utaratibu wa kuahirisha mtihani usiomlazimisha mgonjwa kupanda basi kwenda hospitali ya rufaa kutafuta barua yenye mhuri wakati mifupa inamwaka moto. Kwetu barua hiyo huombwa kila muhula, kana kwamba ugonjwa aliozaliwa nao huisha kila likizo.

Mateso ya vyuoni hayakuwa ya maradhi tu, na Februari 1990 nchi nzima ililazimika kusikia. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kundi lililojificha nyuma ya jina la Mzee Punch lilikuwa na desturi ya kubandika ukutani michoro na maandishi ya kuwadhalilisha wanafunzi, hasa wasichana. Mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza, baada ya kuandamwa, alijitoa uhai. Wanahabari wanawake wa TAMWA, chama kilichoanzishwa mwaka 1987, walikataa jambo lile lizikwe pamoja naye. Kwetu sisi matroni wa mbali, habari ile ilitunyima usingizi, kwa sababu kila chuo kilikuwa na ukuta wake na vijana wake wa kuwacheka wenzao. Tangu mwaka ule sikumngoja tena msichana aje kwangu. Nilipita vyumbani jioni bila daftari, nikakaa kitandani kwa mtu, nikauliza habari za nyumbani. Aliyesema "wazima tu, Mama" huku akiangalia dirishani nilimrudia kesho yake.

Elimu yenyewe tuliletewa na msiba mwingine. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka ya 1990 hapakuwa na chuo ambacho hakijazika. Semina za ushauri nasaha zilizotufikia wakati ule zilikuwa za ukimwi. Tulifundishwa kuiondoa meza iliyo kati yako na mwenye shida. Tulifundishwa kunyamaza, kumrudishia mtu maneno yake kwa upole ili ajue umeyasikia, na kutoanza kamwe na "mimi ningekuwa wewe". Tulisomeshwa habari za Carl Rogers, Mmarekani ambaye tangu kitabu chake cha 1942 alishikilia kwamba mtu akisikilizwa kwa dhati na kukubaliwa alivyo, huweza kuiona njia yake mwenyewe. Kwa sisi tuliolelewa kwamba mkubwa husema na mdogo hutikisa kichwa, mafundisho yale yalikuwa mapinduzi. Wengi wetu, kabla ya semina ile, hatukuwahi kumsikiliza kijana mpaka akamaliza.

Nayathamini mafundisho hayo hadi leo. Ila nasema wazi kwamba yalizaliwa kwingine, na tuliyapokea kama yalivyo kwa muda mrefu mno. Msichana mmoja mjamzito, mchumba wake amemkana na baba yake ameapa kumfukuza, alinitazama nikiwa nimenyamaza kama nilivyofundishwa, akasema: "Mama, usininyamazie. Niambie." Alikuwa na haki. Kijana wetu akimwendea mtu mzima hutaka kusikilizwa kwanza, kisha hutaka neno, na mara nyingi hutaka mtu huyo avae viatu waende pamoja. Mimi nilivaa viatu. Nilipanda naye basi hadi kwa baba yake, nikakaa kwenye mkeka, na yale mazungumzo ya usiku mmoja yalimsaidia kuliko vikao vyote ambavyo ningempangia ofisini.

Kisha ikaja njaa, ambayo haikuwemo kwenye semina. Serikali ilianza kuwachangisha wanafunzi wa elimu ya juu gharama zao mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ikaanza kazi. Mkopo umewasomesha watoto wa wakulima ambao wasingefika chuo, na sitaki mtu aubeze. Lakini aliyekosa, au aliyepata sehemu, au ambaye boom lake, yaani fedha zake za mkopo, limechelewa, anaishi maisha ambayo wenzake wa darasani hawayaoni. Anapiga pasi ndefu, mlo mmoja saa kumi jioni. Anabebwa, yaani analala kitanda kimoja na rafiki. Anakaa geto mtaani, wanne chumba kimoja, umeme wa kuchangia. Mwalimu anamwona amelala darasani na kumwita mvivu. Mtu huyu akifika kwa mnasihi akaulizwa anajisikiaje, jibu la kweli ni kwamba anasikia njaa, na kikao kizuri ni kile kinachoanza na sahani. Nimewaona wanasihi vijana wakichangishana mifukoni mwao kwa ajili hiyo, kimya kimya, kwa kuwa hakuna fungu.

Wasioona niliishi nao tangu mwanzo. Wengi walikuwa wameanzia shule kama Buigiri au Furaha ya Tabora, wakaja na mashine zao nzito za Perkins za kuandikia nukta nundu. Mashine ile ina kelele. Wenzao walilalamika wakati wa kujisomea jioni, na chuo kikawahamishia chumba kilichokuwa stoo mwisho wa korido, taa ikiwa moja, kwani nani aliona haja ya taa kwao? Rafiki aliyekuja kuwasomea vitabu alilazimika kuusogeza ukurasa hadi mlangoni. Kila mmoja wao alikuwa na wasomaji wake, watatu au wanne, waliosoma kwa sauti hadi usiku, na urafiki ule uliendelea hadi kwenye harusi na misiba yao. Leo mwanafunzi asiyeona ana simu inayomsomea. Hamwombi mtu tena, na uhuru huo ameuhangaikia muda mrefu. Mmoja wa wanachuo wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu na ana mtoto wa ndugu yake aliye chuoni na haoni, aliniambia kijana huyo hula peke yake. Tena kuna wahadhiri wanaopiga picha kurasa za kitabu na kuzituma kwenye kundi la darasa, na mara nyingi simu haisomi picha ile vizuri. Kwa hiyo anabaki bila msomaji na bila maandishi. Hili lingekwisha kesho asubuhi kama kila mhadhiri angeambiwa, mwanzoni mwa muhula, kwamba ndani ya darasa lake kuna mtu wa namna hii.

Viziwi miaka yangu ya mwanzo hawakufika kabisa. Walichujwa huko nyuma. Sasa wanafika wachache, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 imewapa mahali pa kusimama wanapodai haki yao. Mkalimani wa lugha ya alama anapatikana, mmoja kwa wengi, anakimbizana na vipindi. Lakini fikiria msichana kiziwi aliyefanyiwa jambo la aibu na mtu wa karibu. Ili alieleze, lazima lipite mikononi mwa mkalimani ambaye atakuwa naye darasani kesho, keshokutwa na mwaka mzima. Ameketi mbele ya mnasihi, mlango umefungwa, na bado wako watatu. Nimemwona mmoja akiandika kwenye karatasi, kwa Kiswahili kilichomwia kigumu kwa kuwa lugha yake ni ya alama, akaichana, akaondoka. Dawa yake inajulikana: mnasihi mwenyewe ajifunze lugha ya alama, angalau wa kutosha kupokea uchungu wa mtu. Vyuo vinavyofundisha ualimu wa elimu maalumu tunavyo, Patandi kule Tengeru kikiwa cha siku nyingi. Kuwapeleka wanasihi huko kwa mafunzo mafupi hakuhitaji wafadhili kutoka ng'ambo.

Wenye ualbino nao niseme. Katika miaka ya 2007 na 2008, mauaji yalipokuwa yakitangazwa mfululizo, tulikuwa na msichana mmoja aliyeacha kwenda maktaba jioni. Kwenye kumbukumbu za chuo aliandikwa kuwa maendeleo yake yameshuka. Wenzake watatu wa bwenini walianza kumsindikiza kwenda na kurudi bila kuagizwa na mtu, na alama zake zikapanda. Siku hizi mazungumzo kuhusu ualbino chuoni ni ya losheni ya Kilisun inayotengenezwa Moshi, kofia, kiti cha mbele na maandishi makubwa, na nashukuru. Hofu yao, hata hivyo, haikwenda popote. Mwulize yeyote kati yao anatembeaje usiku kwenda geto.

Mambo ya akili ndiyo yaliyobadilika zaidi. Zamani aliyejifungia chumbani alikuwa na kiburi, aliyelia hovyo alikuwa na mapepo, na aliyepiga kelele usiku alifungwa khanga mikononi na kupelekwa kwao. Hakuna aliyejua usonji. Kijana aliyeshindwa kuwatazama watu usoni na kuvumilia kelele za bwalo tulimwita mjeuri. Leo wanafunzi wenyewe wanaitaja sonona bila kunong'ona. Zahanati ya chuo ina lile dodoso la maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na swali la tisa linamuuliza mtu kama amewaza kwamba heri afe au ajidhuru. Ni swali jema, kwa kuwa kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo, humfungulia mlango. Tatizo ni kwamba kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na vijana wanalijua hilo. Mmoja aliniuliza, miaka yangu ya mwisho kazini: "Nikikujibu kweli, utaniitia polisi?" Nilimjibu hapana, nikakaa naye hadi ndugu yake alipofika kutoka Makambako, na tukaenda hospitali pamoja. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka Katiba. Natamani sana chetu nacho kiondolewe ningali hai, kwa ajili ya kila kijana anayelisoma swali la tisa na kuweka alama ya uongo.

Mwezi uliopita nilimtembelea mnasihi wa sasa. Ni binti mdogo mwenye shahada ya saikolojia, aliniamkia na kunivutia kiti kabla sijaketi. Ofisi yake ina mlango unaofungwa, na nililipenda kabati lake la mafaili lenye kufuli, kwa sababu namkumbuka kila mtu ambaye siri yake ilinywewa chai. Anajua mambo ambayo mimi niliyajua nikiwa nakaribia kustaafu. Ameanzisha waelimishaji rika, dawati la jinsia liko mlango wa pili, na padri na shehe wa jumuiya za wanafunzi wamekubaliana naye kwamba anayewaza kujidhuru aombewe na pia apelekwe hospitali. Lakini yuko peke yake kwa maelfu. Kila kikao dakika 45. Karibu na mitihani foleni inafika ngazini, na mtu anayelia hawezi kulia kwenye ngazi, kwa hiyo anaondoka. Na wanafunzi wametawanyika mitaani kwenye mageto; hakuna anayehesabu sahani. Wanaomfikia ni wenye nguvu ya kubisha hodi. Yule kijana wa Kanda ya Ziwa asingebisha.

Tulizungumza hadi adhuhuri. Nilimweleza nilivyokuwa nikipita vyumbani, akanieleza anavyojaribu kulifanya hilo leo: amewaomba viongozi wa madarasa wamtumie ujumbe mtu akikosa vipindi wiki nzima, na wenye nyumba watatu wa mtaa wa chini wana namba yake. Kisha akafungua droo akanionyesha nakala ya barua. Wanafunzi wengi wenye ulemavu na maradhi ya kudumu huwa wameshajieleza kabla ya kufika, kwenye fomu za udahili na za mkopo. Majina hayo yapo chuoni, ofisi ya pili kutoka kwake. Aliomba apewe orodha mwezi Agosti, kwa ridhaa ya wanafunzi wenyewe na chini ya kiapo cha siri, ili mwenye seli mundu akute chumba cha chini kimeshatengwa, mhadhiri wa asiyeona ajue mapema aandae maandishi yanayosomeka, na mkalimani wa pili atafutwe kabla vipindi havijaanza. Alijibiwa kwamba maombi yake yamepokelewa. Nilimsaidia kuandika barua ya pili pale pale, nikaongeza kurasa mbili za yale niliyoyaona kwa macho yangu, nikatia saini chini ya jina lake. Tuliipeleka masjala kwa mkono, tukasubiri hadi ikapigwa mhuri, na ameniahidi kwamba jibu lisipofika mwisho wa mwezi tutakwenda wote wawili kwa makamu mkuu wa chuo.